Laki nane mkononi, harusi wiki ijayo: amplifaya ya besi ya kuanzia

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Umepiga besi kanisani hapo Morogoro miaka mitatu, ambako vyombo vyote ni vya kanisa. Sasa bendi ya harusi imekuita, wanataka uje na amplifaya yako, una laki nane, na dukani wamekuonyesha boksi limeandikwa wati 1,200. Unauliza kama linatosha au uongeze hela.

Usilinunue.

Napiga besi Dar tangu 2006, nimeanzia kwenye baa za Temeke na Mbagala na bendi ya dansi, sasa hivi ni harusi zaidi na ibada Jumapili. Nimemiliki amplifaya nne. Mbili zilikufa mikononi mwangu, na zote mbili zilikufa kwa sababu ambazo mtu angeweza kuniambia siku ya kwanza. Ndiyo maana naandika kirefu.

Hizo wati 1,200 angalia pembeni yake, utakuta herufi PMPO. Hiyo ni hesabu ya kilele cha kufumba na kufumbua, kila mtengenezaji anaipiga anavyotaka. Namba ya kutafuta ni wati RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaitoa mfululizo bila kupasua sauti. Kama haijaandikwa popote, zunguka nyuma usome kibandiko cha umeme, uone inakula wati ngapi ukutani. Watengenezaji wengi huandika ulaji wa wastani, kwa hiyo namba hizi mbili hazitalingana na hilo si kosa. Lakini boksi linalokula wati 60 halina pa kuzitoa wati 1,200, hata ulihesabu vipi.

Sasa kitu ambacho wengi hatuambiwi. Kutoka wati 100 kwenda 200 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Utaisikia tofauti, ila ni ndogo. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji takriban mara kumi ya wati. Hapo ndipo utaona kwamba kuhangaika kati ya wati 120 na wati 150 ni kupoteza muda, na kwamba spika ndiyo yenye neno. Spika inayotoa desibeli 100 kwa wati moja, ukisimama mita moja, inalingana na kuwa na amplifaya yenye nguvu maradufu ya ile inayolisha spika ya desibeli 97. Watu wananunua kichwa kikubwa, yaani amplifaya isiyo na spika ndani, halafu wanakifunga kwenye boksi la mbao laini lenye spika ya redio ya gari. Besi inatoka kama mtu anaongea ndani ya ndoo.

Uzi wa E ukiuacha wazi unatikisika mara 41 kwa sekunde. Kama gita lako ni la nyuzi tano, uzi wa B unashuka hadi 31. Kusukuma hewa polepole namna hiyo kunataka spika pana na boksi lenye nafasi. Kwa sababu hiyo usikubali wakuambie utumie amplifaya ya gita la solo "kwa muda tu". Itatoa sauti, ndiyo, na ukiipandisha ili umfikie mpiga dramu, utaipasua spika ya mwenzako. Amplifaya ya kinanda ni afadhali sana, imetengenezwa kubeba sauti za chini. Nimefanya shoo nyingi kwa amplifaya ya kinanda ya kuazima na hakuna aliyelalamika.

Kwa kazi unayoielezea, ukumbi wa watu 150 hadi 300 wenye mitambo ya kawaida ya sherehe, tafuta kombo moja, spika na amplifaya ndani ya boksi moja, wati 100 hadi 150 RMS, spika ya inchi 15, au ya inchi 12 kama boksi ni zuri. Chini ya hapo mpiga dramu akishika fimbo nzito hutajisikia. Zile za wati 15 na 30 ni za chumbani, usidanganywe na bei. Mimi iliyonilisha miaka tisa ni Peavey ya zamani ya inchi 15, mtumba. Ni nzito, tulikuwa tunaishika watu wawili kuipandisha kwenye bajaji, lakini iliyapita majukwaa ya kila namna bila kunidai fundi zaidi ya mara mbili. Ukibahatika mtu anauza Fender Rumble 100 kwa bei unayoiweza, hiyo ina spika ya inchi 12 na uzito wa kilo kama 10 tu, utaibeba kwa mkono mmoja na gita mgongoni. Kama unapanda daladala kwenda kazini, uzito ni sehemu ya bei. Amplifaya inayokulazimisha kukodi bajaji kila Jumamosi, kwenda na kurudi, piga hesabu ya mwaka mzima uone.

Ukisoma karatasi za kombo kubwa, tazama pia omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme. Wati zilizoandikwa mbele mara nyingi ni za kwenye omu 4, na spika ya ndani peke yake inaweza kuwa ya omu 8. Rumble 500 kwa mfano inatoa wati 350 kwa spika zake za ndani, 500 zinafika ukiongeza boksi la nje. Hilo si baya, ni nafasi ya kukua. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa pamoja yanakuwa omu 4. Usishuke chini ya omu ambazo amplifaya imeandikiwa.

Na sasa umeme, ambao ndio ulinitia hasara. Mwaka 2011 nilinunua kombo nzuri sana kutoka kwa mtu aliyeletewa vitu kwenye kontena kutoka Marekani. Ilikuwa ya 120V. Nilijua, nikanunua transfoma ya kushusha umeme, nikawa natembea nayo kwenye begi. Tatizo la transfoma ni kwamba wewe unajua, wenzako hawajui, na plagi ya amplifaya ilikuwa imeshabadilishwa ikawa ya pini tatu kama za kwetu. Kwenye harusi moja huko Mbagala nilichelewa dakika ishirini kwa foleni. Kijana wa mitambo kwa nia njema kabisa akanisaidia kupanga vyombo, akachomeka moja kwa moja kwenye ukuta wa 230V. Nilipofika mlangoni nilisikia harufu kabla sijaona moshi. Laki sita zangu. Nilipiga besi usiku ule kupitia mitambo ya ukumbi bila kujisikia, bi harusi akacheza, na mimi nilikuwa nataka kulia.

Kwa hiyo kabla hata hujaomba kusikia sauti, geuza amplifaya usome nyuma. Unataka 220V, 230V au 240V. Ikiwa imeandikwa 100V hiyo imetoka Japani, 120V ni Marekani. Nyingine zina swichi ya kuchagua, sawa, ihamishe kisha ifunge kwa gundi au plasta asije mtu akaisogeza. Baadhi ya zile za kisasa nyepesi, za klasi D (teknolojia inayopunguza joto na uzito), zinapokea chochote kati ya 100 na 240, na hizo kwa jenereta zetu ni baraka, kwa sababu umeme wa jenereta unapanda na kushuka kila friji za vinywaji zinapoamka. Kama yako si ya namna hiyo, stabilaiza ni lazima. Usiseme utainunua mwezi ujao.

Ukienda kuangalia mtumba, nenda na gita lako na kebo yako, usitumie za muuzaji. Fungua kifuniko cha fyuzi utazame kama ndani kuna fyuzi kweli au waya umezungushwa na karatasi ya sigara. Ukikuta karatasi ya sigara, mashine hiyo ilishawahi kukata fyuzi na mtu akachoka kutafuta sababu. Zungusha kila kitufe ukisikiliza mikwaruzo. Mikwaruzo ya vitufe inasafishika, isikutishe, ila itumie kupunguza bei. Kama wavu wa mbele unatoka, weka vidole pande mbili za karatasi ya spika usukume polepole sana ndani. Ikirudi kimya ni nzima. Ukihisi inasugua kama msasa, koili (waya uliosukwa nyuma ya karatasi ya spika) imeungua au imepinda, na kuisuka upya kunakula faida yote. Kisha piga E wazi kwa nguvu, sauti iwe katikati, uiache iishe yenyewe, usikilize mkoromo. Halafu kaa. Piga nusu saa nzima, uongee na muuzaji, unywe maji. Hitilafu nyingi zinajitokeza mashine ikishapata moto, na muuzaji anayekuharakisha dakika ya tano anajua anachokificha.

Tundu moja ambalo sitaki ulikose nyuma ya hiyo amplifaya ni la DI, lile la pini tatu la kupeleka sauti kwa fundi mitambo. Amplifaya yako jukwaani kazi yake ni kukufanya wewe, mpiga dramu na mpiga tumba msikilizane. Ukumbi unashibishwa na mitambo mikubwa. Ukilielewa hili hutatafuta tena amplifaya ya kuujaza ukumbi peke yake, na laki nane zitatosha. Ikiwa haina tundu hilo, nunua kiboksi cha DI cha kando. Kitakusaidia pia siku mvumo unaposikika kwenye besi tu: vingi vina swichi ya kukata udongo (ground lift, inayotenganisha waya wa ardhi wa kebo ya sauti), ibonyeze, mara nyingi mvumo unaisha hapo hapo.

Mgao wangu wa laki nane ungekuwa hivi: laki sita hadi sita na nusu kwenye kombo, zinazobaki kwenye kebo mbili nzuri, stabilaiza ndogo na kiboksi cha DI kama kinahitajika. Ukija kuongeza boksi la nje, usitumie kebo ya gita kuunganisha spika. Kwa macho zinafanana, kwa ndani ile ya gita ina waya mwembamba usioweza kubeba mkondo mkubwa, na hivyo ndivyo amplifaya yangu ya pili ilivyokufa.

Siku ya shoo usiiweke amplifaya kwenye kona. Kumbi zetu ni zege chini na bati juu, kona inaongeza mvumo hadi noti hazitambuliki. Ipandishe juu ya kreti la soda au kiti imara ili spika ikutazame masikioni, maana ikiwa sakafuni inaongea na magoti yako, unaipandisha sauti bila sababu huku waliokaa mbele wanaumia. Na usiweke vitufe ulivyozoea chumbani, chini nyingi, juu nyingi, katikati hakuna. Inapendeza ukiwa peke yako. Bendi ikianza, gita la rithimu na kinanda vinaifunika na unabaki mtetemo tu. Punguza chini kidogo, pandisha katikati. Besi ya dansi inaongea na tumba, na kwenye chemko, sehemu ya kasi ya wimbo wa dansi, wacheza wanafuata vidole vyako hata kama hawajui kwamba ni wewe wanayemfuata. Lazima kila noti isikike na mwanzo wake na mwisho wake.

Kama hutapata kombo kabla ya harusi ya wiki ijayo, usikope kununua chochote. Azima amplifaya ya kinanda, au muombe fundi mitambo akupe spika moja ya kujisikia karibu yako, nenda na kiboksi cha DI, upige. Nimekutana na wapiga besi wakubwa wanaofanya hivyo mwaka mzima.

Ukiona moja ya mtumba inayokuvutia, piga picha ya nyuma yake, kibandiko cha umeme na matundu yote yaonekane, uiweke hapa kabla hujatoa hela. Nitaitazama jioni nikirudi mazoezini.