Maswali na majibu: Kuunda modeli ya manowari Königsberg kutoka kwenye ramani

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu meli moja: Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoishia kwenye mikoko ya Rufiji Julai 1915, ile ambayo watu wa pwani waliiita manowari na bomba tatu. Nimefurahi sana. Historia yake iko hapahapa kwetu, na bado ni wachache wanaoiunda.

Shikamoo fundi. Nina rafu ya sentimita 70 sebuleni. Nitumie skeli gani? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2. Kwa 1:350 utapata modeli ya sentimita 33, na kwa 1:100 itavuka mita moja, hiyo itataka meza yake peke yake. Chukua 1:200. Itakuwa na sentimita 57.7 na rafu itabaki na nafasi. Faida nyingine ni ya hesabu: kwa 1:200 kila mita moja ya meli ni milimita 5 kamili, kwa hiyo rula ya shule inakutosha tangu mwanzo hadi mwisho.

Nimepata ramani yenye jina la Nürnberg. Naambiwa ni meli ndugu. Naweza kuitumia? (Msomaji, Mombasa)

Kwa kujifunza, itumie. Kwa kukatia mbao, hapana. Ndugu hao walikuwa wanne: Königsberg, Nürnberg, Stuttgart na Stettin. Watatu waliofuata walirefushwa kwa takriban mita mbili, na Stettin akapewa injini za turbini. Mita mbili ni sentimita moja kwenye modeli yako, na huwezi kuipunguza omo (mbele) au tezi (nyuma) ukadhani umemaliza, maana kila kitu cha katikati kitakuwa kimehama. Anayetaka nyaraka za asili za jeshi la majini la Ujerumani anaanzia hifadhi ya Bundesarchiv kule Freiburg. Za meli za Waingereza, kama Pegasus, manowari iliyozamishwa na Königsberg, ziko kwenye makumbusho ya bahari ya Greenwich.

Lakini hata ukiipata ramani sahihi, kuna jambo ninalowasihi wote mlifanye kabla ya kushika msumeno: chagueni tarehe. Ramani ya kiwandani inaonyesha meli kama wachoraji wa kiwanda cha meli cha Kiel, Ujerumani, walivyokusudia iwe ilipokuwa ikijengwa kati ya 1905 na 1907. Meli iliyotia nanga Dar es Salaam Juni 1914 ilikuwa imeshafanya kazi miaka saba. Ile iliyoizamisha Pegasus mbele ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Na ile ya Rufiji ilikuwa imefunikwa matawi ya miti isionekane, na baadhi ya mizinga yake midogo imeshushwa nchi kavu kulinda midomo ya mto. Zote ni meli moja, ila modeli zake ni tofauti. Andika tarehe yako kwa penseli juu ya ramani, kisha kila unapokuta picha inayopingana na mchoro, angalia picha imepigwa lini. Ikiwa ni ya karibu na tarehe yako, ifuate picha uache mchoro. Nimeona modeli nyingi zilizochongwa kwa ustadi mkubwa zikiwa na mlingoti wa mwaka mmoja na boti za mwaka mwingine, na inauma, kwa sababu kazi ya mikono ilikuwa safi kabisa.

Nilichapisha ramani dukani. Urefu uko sawa, upana hauko sawa. Kosa liko wapi? (Msomaji, Dodoma)

Mashine inavuta karatasi kwa mwelekeo mmoja, na mara nyingi inatanua upande mmoja kuliko mwingine. Au mchapishaji ameiacha programu ibane mchoro uenee kwenye ukurasa. Kabla ya kuchapisha, chora pembeni mwa ramani mraba wa sentimita 10 kwa 10. Karatasi ikitoka, pima pande zote mbili papo hapo dukani. Ukikuta 10 kwa 9.9, irudishe. Kosa hilo la asilimia moja likiangukia kwenye urefu wa meli litakula zaidi ya milimita 5, yaani mita moja nzima ya manowari.

Mistari ya ramani inanichanganya. Nawezaje kutoka kwenye karatasi hadi kwenye bodi (kiwiliwili) ya meli? (Msomaji, Kisumu)

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, basi twende polepole. Ramani ya bodi ina michoro mitatu ya umbo lilelile. Mmoja unaitazama meli ubavuni. Wa pili unaitazama kutoka juu, na kwa kawaida unaonyesha nusu tu, kwa kuwa nusu ya pili ni sawa nayo. Wa tatu unaonyesha meli kana kwamba imekatwa vipande kwa upana: nusu ya mchoro ni vipande vya kuelekea omo, nusu nyingine ni vya kuelekea tezi. Mstari ulionyooka kwenye mchoro mmoja huwa umepinda kwenye mwingine. Ukishalielewa hilo, umeielewa ramani.

Kwa skeli hii usihangaike na mataruma, yaani mbavu za meli. Jenga kwa matabaka. Tuseme ramani yako ina mistari ya maji, yaani mistari inayoikata bodi kwa ulalo, kila mita moja: hiyo ni milimita 5, unene wa ubao mmoja mwembamba. Kila tabaka likate kwa kufuata mstari ulio mpana zaidi kati ya ule wa juu yake na ule wa chini yake. Yakate kwa nusunusu, kulia na kushoto, ili mstari wa katikati ubaki ukionekana hadi mwisho. Yabandike, yabane usiku kucha.

Asubuhi utakuwa na ngazi ndogo ndogo ubavuni. Sasa angalia pale ngazi mbili zinapokutana, kwenye kona ya ndani. Kona ile iko juu ya umbo halisi la meli. Chonga na piga msasa mpaka kona ipotee, na ikipotea tu, acha! Ukiendelea umeingia ndani ya meli. Kata pia violezo vya kadibodi kutoka mchoro wa tatu uviwekee ubavuni kila baada ya muda, na ushike modeli mbele ya dirisha: mwanga unaopenya kati ya kiolezo na mbao unakuonyesha palipozidi. Uwe mwangalifu zaidi omo, kwa sababu ya Königsberg inasogea mbele kadiri inavyoshuka majini, na mkono uliozoea kuchonga majahazi hutaka kuilaza kinyume.

Mti gani unafaa? (Msomaji, Arusha)

Paini kavu, isiyo na vifundo. Mninga ni mzuri kwa kitako cha kuisimamishia.

Mimi ni mgeni wa kazi hii. Königsberg si kubwa mno kwangu? (Msomaji, Bujumbura)

Pengine. Anza na adui zake, Severn au Mersey. Zilijengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazili, zikachukuliwa vita ilipoanza, zikavutwa kwa kamba kutoka Malta hadi Mafia ili ziingie Rufiji. Zilikuwa na kina kisichofika mita 2 na tumbo bapa, kwa hiyo tabaka mbili tatu zinamaliza bodi yote. Kwa 1:200 ni kama sentimita 41. Ni meli za kujifunzia kwelikweli, na ndizo zilizoimaliza Königsberg tarehe 11 Julai 1915, baada ya shambulio la kwanza la tarehe 6 kushindikana.

Mizinga kumi nitaifanyaje ifanane? (Msomaji, Mombasa)

Mtutu wa sentimita 10.5 (upana wa tundu lake) ulikuwa na urefu wa mita 4.2, yaani milimita 21 kwako. Tengeneza mmoja kwa uangalifu, uchukulie kalibu ya silikoni, umwage mingine tisa. Mpangilio: miwili sambamba omo, mitatu kila ubavu, miwili sambamba tezi. Na wewe una bahati: mzinga mmoja wa meli hii uko Fort Jesus, kwenye mji wako. Nenda na futi ya kamba. Pima mtutu tu, kwa sababu baada ya meli kufa mizinga ilitolewa mtoni, ikafungiwa magurudumu na kupiganishwa nchi kavu. Kitako cha melini kitafute kwenye picha.

Huku kwetu wazee walisimulia watu waliovutishwa mizinga hiyo. Kwa nini tuunde manowari ya wakoloni? (Msomaji, Utete)

Nakushukuru kwa kuuliza. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi kwenye kisiwa karibu na mji wa Unguja. Wapagazi wengi waliobeba na kuvuta vitu vya vita ile hata majina yao hayakuandikwa. Modeli inaweza kuwaonyesha kama tukiamua. Kwa 1:200 mtu ni milimita 8 na nusu, hana uso. Kwa 1:35 mtutu uleule una sentimita 12, na mtu karibu sentimita 5: unaona mabega, kamba, miguu iliyozama kwenye tope. Mwenye nafasi ya modeli moja tu, ningemshauri aunde hiyo ya mzinga na wanaouvuta.

Rangi niipate wapi, na picha zote ni nyeusi na nyeupe? (Msomaji, Muscat)

Usiamini weusi wa picha hizo. Filamu nyingi za wakati ule hazikuiona nyekundu: rangi nyekundu ya chini ya maji hutoka karibu nyeusi, njano hutoka nzito kuliko ilivyo, buluu hufifia. Meli za Kijerumani za vituo vya ng'ambo wakati wa amani zilipakwa nyeupe, na bomba njano ya kahawia. Vitani ni kijivu. Rudi kwenye tarehe uliyoiandika. Kijivu chochote utakachochagua, kizimue kidogo kwa nyeupe, na kiwe kisichong'aa.