Mdogo wangu mtafiti, shika swali lako mwenyewe

Mabinti wanaoanza utafiti hapa Dodoma huniuliza kwanza habari za ufadhili. Mimi huwauliza: swali unalolifanyia kazi ni la nani? Nimeona wenye shahada za uzamili wakizunguka Chemba na Kondoa, mwaka hadi mwaka, kukusanya sampuli za mradi wa mtu mwingine. Makala ikitoka, majina yao yanawekwa kwenye shukrani. Inaniuma sana.

Kazi ya mradi ifanye, kodi ya nyumba inahitaji kulipwa. Ila tafuta humo kipande chako. Mimi niko kwenye sumukuvu, sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Mradi ulinituma Kongwa kuchukua sampuli za karanga: juu, katikati na chini ya gunia, kwa kuwa sumu hii haisambai sawasawa, na punje chache tu zinaweza kubeba sehemu kubwa yake. Uani nikawakuta akina mama wanabangua. Walikuwa wakinyunyizia karanga maji ili maganda yalainike, vidole visichubuke. Dodoso letu halikuwa na kipengele hicho hata kimoja! Karanga imeanikwa ikakauka vizuri, halafu siku ya kubangua inarudishiwa unyevu ambao ukungu unautaka. Nikaketi, nikabangua nao, nikauliza baada ya hapo wanazianika muda gani kabla ya kuzifunga. Mtafiti mwanamume angekaribishwa barazani kwa mwenye nyumba, na huku nyuma asingefika. Andiko langu la kwanza lilitoka uani pale.

Ukishapata swali, kubalianeni kwa maandishi kabla hujaenda kijijini: takwimu zipi utazitumia, jina la kwanza kwenye makala litakuwa la nani. Barua pepe fupi inatosha. Kiongozi wa mradi akinuna, mwache anune. Yaliyosemwa koridoni hayana ushahidi.

Halafu kalenda. Kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Kibali cha maadili ya utafiti kikichelewa mpaka Februari, upandaji umeshapita na unasubiri mwaka mzima. Kiombe mapema, pamoja na barua ya halmashauri. Na ujauzito usiufiche kwenye mpango kazi. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84. Ikiangukia wakati wa mavuno, mtafute mwenzako mapema akukusanyie sampuli, jina lake liingie kwenye makala, na daftari la maabara libaki mikononi mwako.

Kuhusu fedha, wenye shahada ya uzamivu waangalie OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia. Ruzuku yao kwa wanaoanza inafika dola 50,000. Bajeti ndiyo inayowatoa wengi jasho: gharama za kemikali, usafiri, posho ya mwenyeji kijijini. Anza nayo hiyo, maelezo mengine yafuate.