Usiku wa Pili Kabla ya Pantoni

Mwanangu,

Umeniuliza wakati gani nilikuwa na furaha zaidi: zamani, tukipulizia salfa mikorosho ya babu yako, au sasa, nikikaa hapa barazani Mikindani bila deni la mtu. Nimelifikiria swali lako, nikajikuta nimerudi kwenye lile basi.

Ilikuwa masika ya 1998, zile mvua za El Nino. Daraja la Mkapa lilikuwa bado. Rufiji tulivuka kwa pantoni pale Ndundu. Lakini kabla ya kuifikia tukakwama mbele ya Somanga, tukalala njiani siku tatu. Wanaume tunasukuma, kandambili zinabaki topeni. Usiku wa pili wewe ukalilia maji, nami nikakufokea mbele ya abiria wote, hadi mama yako akainamisha kichwa. Yule bibi wa kiti cha nyuma ndiye aliyekupa dafu lake. Kwa usiku ule sijakuomba radhi mpaka leo.

Halafu sikukuu ya Idi nakusikia unawasimulia wajukuu zangu safari ileile: pantoni, viboko wametoa masikio majini, wewe umekaa mabegani mwangu. Ukasema hujapata safari tamu kama ile. Tope hukulitaja. Mimi kimya, chai inapoa.

Huyo Daniel Kahneman wako uliyenieleza, mwanasaikolojia aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, nimemwelewa. Katika jaribio lake watu walitia mkono kwenye maji baridi sekunde 60. Mara nyingine sekunde 60 na 30 za ziada, maji yakipungua baridi kidogo. Walipoambiwa wachague ya kurudia, wengi wakachagua ile ndefu, kwa kuwa iliisha afadhali. Haya, wewe safari yako iliishia kwenye pantoni. Yangu mbona haijaisha?

Nimesema siku zote, siku huijui mpaka ipite. Lakini usiku ule nao umepita, na haujawa mtamu. Au nasema vibaya? Maana miguu yako yenye tope ikinigonga kifuani naikumbuka pia, na pale, wallahi, nilifurahi kuliko siku yoyote ya barazani. Basi ni zamani? Ulimi unaniwasha nikujibu ndiyo. Ngoja kwanza nimuulize mama yako anakumbuka nini kuhusu lile dafu.

Baba yako