Niliandika kwamba mashabiki walivunja geti

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Watu wakifa kwa kukanyagana uwanjani, nani apelekwe mahakamani: polisi, wenye uwanja au waandaaji?", nimelisoma nikiwa kwenye kibanda cha chipsi huku Area C, chipsi zikapoa. Nilitaka kujibu kwa neno moja tu: wote. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi niliwahi kusimama getini.

Mmetoa mfano wa Hillsborough. Aprili 15, 1989, mjini Sheffield, nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest. Nje watu wamebanana, kamanda wa polisi David Duckenfield akaamuru geti la kutokea lifunguliwe, umati ukamiminika moja kwa moja hadi vizimba vya nyuma ya goli ambavyo vilishajaa. Waliokufa ni 97, wa mwisho akifariki mwaka 2021. Kinachoninyima usingizi mimi ni alichosema kamanda watu wakiwa bado wanakata roho: kwamba mashabiki ndio waliolazimisha geti kufunguka. Alikuja kukiri mwaka 2015 kwamba ule ulikuwa uongo. Miaka 26 baadaye!

Kwa hiyo swali lenu naliweka pembeni kidogo, niulize la kwangu: maelezo ya kwanza huwa anaandika nani?

Uwanja sitautaja, wasije wakasema nina ugomvi nao. Ni huku huku kanda ya kati. Timu kubwa kutoka Dar ilikuwa imekuja, nami nilikuwa kijana wa kuchana tiketi geti la mzunguko, posho elfu kumi. Geti lilikuwa la bati, milango miwili. Mmoja ulifungwa kufuli tangu asubuhi ili wasio na tiketi wasipenye. Funguo aliondoka nazo msimamizi wetu, akapanda jukwaa kuu na kukaa.

Saa tisa na nusu timu zikatoka kupasha misuli. Ndani watu wakashangilia, nje wakadhani mechi imeanza. Wa nyuma wakasukuma. Mtu asiyewahi kuwa pale atadhani kulikuwa na makelele. Hapana. Wa mbele walinyamaza, kwa sababu pumzi ya kupigia kelele haikuwepo. Nilichosikia ni bati likijikunja. Mbele yangu kabisa, upande wa pili wa nondo, alikuwepo mama muuza karanga, beseni amelinyanyua juu ya kichwa kana kwamba anavuka mto. Akaniambia taratibu tu, "Mjomba, fungua." Nikamjibu, "Mama, funguo sina." Ilikuwa kweli. Ila kufuli lenyewe lilikuwa lile dogo la kufungia sanduku la shule, na mawe yamejaa kila mahali, si mnaijua Dodoma. Jiwe nililiona. Niliogopa kukatwa elfu kumi yangu.

Beseni likaanguka. Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa ameshaingia ndani akarudi, akaokota jiwe lile lile, akagonga mara tatu. Mlango ukafunguka, watu wakamwagika kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Hakufa mtu. Yule mama alivunjika mkono, na mwanafunzi mmoja alizimia, akamwagiwa maji.

Jioni msimamizi akanipa karatasi na kalamu. "Andika ulichokiona. Mashabiki walivunja geti." Nikaandika. Uongo uko wapi hapo? Lilivunjwa kweli, na shabiki. Neno kufuli sikuliandika, wala funguo.

Hillsborough taarifa 164 za askari zilirekebishwa baadaye. Mwaka 2016 baraza la uchunguzi lilisema wale watu waliuawa isivyo halali, lakini mwaka 2019 Duckenfield akaachiwa huru, na aliyetiwa hatiani kwa maafa yenyewe ni katibu wa klabu ya uwanja ule tu, faini pauni 6,500. Waliotuhumiwa kuchezea taarifa nao wakaachiwa mwaka 2021, jaji akisema tume ya uchunguzi ya mwanzo, ambako taarifa zile zilipelekwa, haikuwa mahakama. Yaani unaweza kupindua maneno mbele ya tume ukaenda nyumbani! Nyie mnaoshangilia kila tunaposikia "tume imeundwa", hapo hamjashtuka? Sisi tulizika watu 45 waliokanyagana Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakimuaga Rais Magufuli, Machi 2021. Sisemi zaidi.

Nilipoanza kuandika nilitaka jela kwa wote. Sasa nasitasita, na msinidhanie najitetea (labda najitetea). Siku ile mtu angekufa, wa kwanza kukamatwa ni mimi, wa pili ni yule wa bodaboda, karatasi yangu ikiwa ushahidi. Mkinilazimisha kuchagua, nasema ashtakiwe mwenye funguo. Lakini sheria ikimfikia yeye na kunipita mimi niliyeliona jiwe, hapo pia sitaridhika. Hilo mtalipanga wenyewe, mimi limenishinda.

Yule mama bado anauza karanga, siku hizi yupo soko la Majengo. Mkono ulipona ukiwa umepinda kidogo. Huwa ananizidishia kipimo, ananiita mjomba. Anaamini mimi ndiye niliyefungua.

Msomaji wenu, Dodoma