Wazazi Wangu Hawaridhiki na Zawadi Yoyote, Krismasi Hii Niwapelekee Nini?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mtoto wa tatu kati ya watano, naishi Tabata, Dar, nyumbani ni Kibosho, Moshi. Mzee ana miaka 78 na mama 72. Kila Desemba tunapanda nyumbani na kila Desemba kesi ni ileile ya zawadi. Mwaka juzi tulichanga tukamnunulia mzee tivii ya inchi 43, akaiangalia akasema hela hiyo ingetosha pumba za ng'ombe mpaka Pasaka, akarudi kwenye karedio kake. Mama nilimpelekea vitenge vitatu vizuri kabisa, Januari haijaisha nasikia viwili kampa mke wa jirani na kimoja kaenda nacho mwalimu wa kwaya. Jiko la gesi lipo kona limefunikwa kitambaa, yeye bado anapuliza kuni. Ukimuuliza mama unataka nini anasema "mje tu salama". Nimechoka Anti, na safari hii nina laki mbili tu. Niwanunulie nini? (Binti wa Kibosho)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, najua inavyouma umejibana mwaka mzima alafu kitu kinaishia kona. Lakini barua yako nimeirudia mara tatu na kila nikiirudia naona hawa wazee sio wagumu, wameshasema, tena kwa mdomo wao. Mzee kasema pumba. Nyie mkasikia lawama, kumbe baba wa watu alikuwa anawatajia shida yake.

Hebu mfikirie huyo ng'ombe. Kule juu hakuna pa kuchungia, kihamba kimejaa migomba na kahawa, ng'ombe yuko bandani na chochote anachokula lazima mtu akilete. Nyie mnafika Desemba mvua za vuli zimetoka kunyesha, kila mahali kijani, mnaona mambo shwari, alafu tarehe 2 au 3 mnashuka zenu Dar na ndo kwanza jua la Januari na Februari linaanza, majani yanakauka, mzee wa miaka 78 anabaki anakata migomba amlishie ng'ombe au anamlipa kijana ashuke tambarare akamtafutie majani. Hiyo miezi miwili ndo aliyokuwa anaiwaza wakati nyie mnamfungulia boksi la tivii. Kwaiyo sehemu kubwa ya hela yako ipeleke bandani. Pumba, mashudu ya alizeti kidogo, jiwe la chumvi la kulamba, na itakayobaki muagizie robota za majani makavu kutoka chini. Usibebe kitu kutoka Dar jamani, basi za Desemba unazijua zilivyo, nunua Moshi mjini ukishafika ukodi kirikuu ikupandishie mzigo. Na usimkabidhi sebuleni mbele ya watu. Shusha bandani, mwite aje aone mwenyewe, ataichota pumba kiganjani ainuse kama haijavunda, na pengine atakwambia umeuziwa ghali. Mwache aseme, hayo ndo maongezi anayoyataka na wewe.

Mimi hili kanifundisha baba yangu mzazi. Tulimnunulia redio kubwa mpya ya kuchomeka kwenye umeme, hakuigusa, mana kwake umeme ni luku na luku ni hela. Akabaki na ile ya zamani, imefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, mfuniko wa nyuma ulishapotea, mawe ya betri manne kayapanga kwa nje kwenye kipande cha boksi kayaunganisha na waya. Miaka yote nafika nyumbani sikuwahi kuliona hilo. Siku moja nimekaa nyuma yake, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ndo inaanza, sauti ikaanza kufifia, akachomoa mawe mawili akayasugua kwenye suruali, akayarudisha, akainama mpaka sikio likagusa redio. Nilijisikia vibaya sana. Kesho yake nikaenda dukani nikachukua boksi zima la mawe, akayahesabu moja moja akaliweka chini ya kitanda, na toka hapo kila nikipiga simu ananitajia yamebaki mangapi.

Kwaiyo ukifika, siku ya kwanza kaa tu uangalie. Angalia nini kimefungwa kamba, mlango gani unabebwa ndo ufunge, tochi gani inapigwapigwa kwanza ndo iwake. Na tivii yenu mi nahisi tatizo ni luku kama kwa baba yangu, chukua namba ya mita uwe unamnunulia umeme kwa simu huko huko uliko, hata kidogo kidogo, alafu mpigie umwambie "baba umeme wa taarifa ya habari huo".

Sasa mama. Yani hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu umeumia bure. Huyo mke wa jirani unamjua anamfanyia nini mama yako toka Januari mpaka Novemba? Mama akiamka na homa anayekuja kumpikia uji ni nani, wewe upo Tabata. Mama hana cha kumlipa, na mwanamke wa umri wake anaona aibu kupokea tu kila siku. Vitenge vyako vimemlipia deni, vimefanya kazi kubwa kuliko vingekaa sandukuni. Kwaiyo mwaka huu mpelekee vya kugawa, na umwambie kabisa mama hivi ni vya kugawa: sukari, majani ya chai, sabuni za miche, vitenge viwili vitatu vya bei ya kawaida. Alafu kitu kimoja kiwe chake peke yake, kisichogawika. Kama yupo WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, muulize sare yake ina hali gani, mshonee mpya kwa vipimo vyake, hiyo haendi nayo mtu. Au macho, kama anasogeza Biblia mbali ndo asome, mpeleke akapimwe, KCMC kitengo cha macho kipo hapo hapo Moshi. Ila miwani ya kuokota barabarani usimnunulie, kila jicho lina namba yake.

Jiko la gesi usimgombeze. Muulize taratibu, utakuta anaogopa kuliwasha, au anaogopa gesi iishe na mtungi wa kilo 15 ukiwa umejaa ukijumlisha na chuma chake unakaribia kilo 30, ataubebaje mama wa miaka 72 kwenye ule mlima? Tafuta kijana wa bodaboda anayeaminika, mama amjue kwa sura, mkubaliane akipigiwa anakuja kuchukua mtungi na kuurudisha na kuufunga, na nyie ndo mnamlipa. Siku mbili pika nae kwa gesi wewe ukiwepo. Kuni zitabaki kwa ajili ya ndizi na makande, sawa tu.

Na hilo la "mje tu salama" mi nalichukua kama lilivyo. Kama kazini wanaruhusu, panda siku mbili kabla ya wenzako.

SWALI: Asalaam aleikum Anti. Mie niko Muscat, mama yuko Wete, Pemba. Kila Idi namtumia udi, mafuta mazuri na kanga, na vyote anagawa. Safari iliyopita doti mbili hakuzivaa kabisa, kasema jina lililoandikwa halimpendezi. Nimtumie pesa tu yaishe? (Mtoto wa Wete)

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Pesa tuma, ila kanga usiache. Kanga ni maneno, ukimpa mtu mzima kanga ya mafumbo, akipita nayo mtaani kuna mtu atajua kasemwa yeye, na mama ndo atabaki na ugomvi asioujua. Kabla hujalipa mpigie umsomee jina, akicheka nunua, akinyamaza iache. Kama huko uchaguzi ni mdogo, mtumie hela binti wa nyumbani aende nae dukani Chake Chake au hapo hapo Wete akachague kwa mkono wake, na mlipie na fundi azikate azipinde kabisa, mana kanga isiyopindwa inaweza kukaa kabatini mwaka. Udi ufunge vipakiti vidogo vidogo hata kumi na tano toka huko, tena uwahi, ufike kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, kwa sababu anaogawia wanaanza kupita kabla ya sikukuu, na yeye anataka wakipita awe na cha kuwapa.