Hukumu ya Kununua Hisa za Kampuni Inayojitanua Lakini Haijapata Faida

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sheikh wetu, nina hisa za kampuni ya programu za simu. Mauzo yake yanapanda kila mwaka, lakini tangu ianzishwe haijapata faida, kwa sababu yote inayoingiza, na zaidi yake, inayatumia kujitanua. Gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, haijatoa hata mara moja. Ndugu mmoja msikitini ameniambia kuwa nimenunua matunda kabla hayajaiva, jambo alilolikataza Mtume (s.a.w.), na kwamba hii ni kamari. Tangu siku hiyo sijatulia. Je, niziuze? Na nikibaki nazo, nitoe zaka kwa kitu kisichoniingizia chochote?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Alhamdulillah, swalaa na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Hadithi aliyokukumbusha ndugu yako ni sahihi. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda mpaka kudhihiri kuiva kwake, akamkataza muuzaji na mnunuzi. Lakini hapa haikuangukia mahali pake. Anayekatazwa ni anayenunua matunda peke yake, yakiwa juu ya mti wa mwenzake, kisha likaja balaa likayaharibu, akabaki mikono mitupu na fedha zimekwisha kwenda. Anayenunua mti wenyewe ana hukumu nyingine. Ibn Umar huyo huyo amepokea kuwa anayeuza mtende uliokwisha kuchavushwa, matunda yake ni ya muuzaji, ila mnunuzi akishurutisha yawe yake. Mtende ndiyo kwanza umechavushwa, tende hazijaiva hata moja, na bado sharia imeruhusu ziingie katika mauzo kwa kuwa zimefuata mti.

Hisa ni sehemu ya mti. Ulichonunua si faida ya mwaka ujao. Umenunua fungu lako katika programu, mitambo, haki, fedha na madeni ya kampuni, na umekuwa mshirika. Sharia haikumshurutisha mshirika aone faida ndani ya muda fulani. Iliyomshurutisha ni kuwa akitaka faida akubali na hasara, na msingi wake ni kauli ya Mtume (s.a.w.) katika Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.): “Al-kharaaju bidh-dhamaan,” yaani pato humfuata aliyebeba dhamana. Amazon iliuza hisa zake kwa umma mwaka 1997, na mwaka wake wa kwanza kamili wa faida ukawa 2003. Webvan, iliyokuwa ikipeleka vyakula majumbani, iliingia sokoni mwaka 1999 ikajitanua mbio, na mwaka 2001 ikafilisika. Waliokuwa na hisa za hizi zote mbili walikuwa washirika, si wacheza kamari, maadamu walijua wanachokinunua. Asiyejua kampuni inauza nini, inadaiwa na nani, fedha iliyonayo itaitosha miezi mingapi, akanunua kwa sababu tu bei inapanda, huyo ndiye ninayemwogopea gharar, yaani mauziano ya kitu kisichojulikana hatima yake, hata kama kampuni ina faida tele.

Ninachotaka ukitazame kwa makini zaidi, na ndugu yako hakukigusa, ni riba. Kampuni ya namna hii huishi kwa fedha za watu. Ama imeuza hisa mpya, na hilo halina neno, ama imekopa kwa riba. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, limesema kuwa asili ni haramu kushiriki katika kampuni inayoamiliana kwa riba wakati mwingine, hata kama kazi yake ya msingi ni halali. Wanazuoni wa AAOIFI, shirika linaloweka viwango vya fedha za Kiislamu, wameruhusu kwa masharti: deni la riba lisifike asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, yaani bei ya hisa zake zote, amana za riba vivyo hivyo, na pato la haramu lisizidi asilimia 5 ya mapato yote. Anayejiepusha kabisa amechukua lililo salama zaidi kwa dini yake. Anayeifuata ruhusa basi aitimize, kwa sababu kampuni changa huanguka kwenye vipimo hivi kwa njia isiyoonekana upesi. Bei ya hisa ikishuka nusu, deni lililokuwa asilimia 20 linakuwa 40 bila kampuni kukopa hata senti. Tena iliyokusanya mtaji mkubwa ikauweka benki, huku mauzo yake bado madogo, riba ya benki peke yake yaweza kuipita ile asilimia 5. Soma ripoti ya fedha kila inapotoka. Fungu lako la pato hilo la haramu litoe kwa mafukara bila kutarajia thawabu, ijapokuwa kampuni haikukupa gawio.

Lipo na la kuuza kwa hasara ili kupata wateja. Imam Malik amepokea katika Muwatta kuwa Umar (r.a.) alimpitia Hatib bin Abi Balta'a akiuza zabibu, akamwambia apandishe bei au aondoke sokoni. Imam Shafi'i akapokea kuwa Umar baadaye alimwendea nyumbani akamwambia auze apendavyo. Kwa hiyo bei ya chini peke yake si dhambi. Lakini ukijua kuwa mpango wa kampuni ni kuwaua wauzaji wadogo kisha iwakamue wanunuzi, mimi sikupendelei ushirika huo.

Basi hisa zako zikifaulu vipimo hivyo, si lazima uziuze. Zikishindwa, toka.

Kuhusu zaka, Baraza la Fiqhi nililolitaja lilikwisha kulijibu mwaka 1988: aliyenunua hisa kwa kusudi la kuziuza bei ikipanda, hizo ni bidhaa ya biashara. Kama hilo ndilo kusudi lako, ukitimia mwaka wa Hijria na mali yako imefika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, angalia bei ya siku hiyo utoe asilimia 2.5 ya thamani yote, gawio liwepo lisiwepo. Kama huna fedha taslimu, uza chache ulipe.

Wallahu a'lam.