Tunataka kumsaidia yatima akiwa kwa bibi yake: pesa ziende wapi?

SWALI: Habari za kazi, dada. Sisi ni akina mama wa kikoba kimoja huku Tabata. Kila Ramadhani na kila Krismasi tunapeleka mchele, mafuta na sabuni kwenye kituo cha watoto yatima. Safari hii tumegundua kuwa baadhi ya wale watoto wana mama au bibi, tena wengine wako hapa hapa mjini. Tungependa mchango wetu umkute mtoto kwa watu wake, lakini tunaogopa pesa kuliwa. Tuanzie wapi?

JIBU: Dada zangu, mmefanya vizuri kuuliza. Mlichokiona Tabata kinaonekana katika nchi nyingi: watoto wengi walioko kwenye makao wana mzazi mmoja aliye hai au ndugu wa karibu. Kinachowatoa nyumbani mara nyingi ni ukata, na hapa Dar es Salaam ukata huo nauona zaidi kwenye kodi ya nyumba. Bibi anayeuza vitumbua anaweza kuwalisha wajukuu siku kwa siku. Lakini mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hana pa kuitoa. Anahamia kwa jamaa, watoto wanagawanywa, na yule mdogo anapelekwa kituoni "kwa muda tu". Kwa hiyo ulizeni kwanza: ni kitu gani hasa kitamtoa mtoto huyu nyumbani? Hicho ndicho mkilipie.

Kaya ya kusaidia msiitafute wenyewe mitaani. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa kata yenu, au wa halmashauri kama kata haina. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa maofisa hawa jukumu la kumlinda mtoto, na wao ndio wanaoingia ndani na kuona mtoto analala wapi, anakula nini, na kama yuko salama na wanaomlea. Pitieni pia serikali ya mtaa. Kodi mpeni mwenye nyumba mwenyewe, mchukue risiti. Mtaji wa biashara mpeni bibi mkononi na mkubaliane naye. Tafadhali msimdai hesabu ya kila shilingi mbele ya majirani, maana amebeba mzigo ambao wengi wameukimbia. Na kama nyumba ina watoto wanne na yatima ni mmoja, saidieni nyumba nzima. Mkimvisha mmoja viatu vipya peke yake, mnampandia chuki ndani ya nyumba anayoitegemea.

Ada ya shule ya serikali si tatizo kubwa tena. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, na tangu 2022 inafika hadi kidato cha sita. Kinachobaki ni sare, madaftari, chakula cha mchana na nauli.

Jambo ambalo wafadhili husahau ni mirathi. Kuna watoto wanaolala njaa huku marehemu baba yao ameacha akiba benki, mafao ya kazini au kiwanja, kwa sababu tu hakuna aliyefuatilia. Familia inahitaji cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo), muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza msimamizi, kisha maombi mahakamani. Temeke kuna Kituo Jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mirathi na mambo ya familia. Nauli na gharama za vyeti kwa mjane mmoja zinaweza kuwapa watoto wake zaidi ya mchele wenu wa miaka kadhaa. Ningekuwa mwanachama wa kikoba chenu, hili ningelipigania kikaoni.

Kile kituo nacho msikikatie chakula ghafla, watoto bado wamo. Mwambieni msimamizi wake kuwa mko tayari kulipia nauli ya mama kuja kumwona mwanawe, na godoro siku atakaporudi nyumbani. Kumrudisha ni kazi ya afisa ustawi, nayo huenda taratibu. Pia si kila ndugu ni salama. Pale ambapo hakuna ndugu wa kumwamini, sheria inaruhusu malezi ya kambo, yaani familia nyingine iliyoidhinishwa kumlea.

Picha za watoto msizirushe kwenye magrupu ya WhatsApp. Taarifa ya maandishi kwa wanachama inatosha.

Pangeni msaada wa angalau mwaka mzima kwa kaya moja, kabla ya kugusa kumi kwa mwezi mmoja. Mkitakiwa kuchagua, anzeni na kaya yenye mtoto mchanga. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 ulifuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye makao. Waliohamishiwa kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili kuliko waliobaki, na walionufaika zaidi ni waliohamishwa kabla ya kufika miaka miwili.